Amekariri maneno 600 na bado ameanguka intavyuu ya Kiswahili

Assalaam aleikum Mwalimu,

Nina binti wa miaka 12, yuko Gredi ya 6 hapa Kisauni. Tumemtafutia nafasi ya Gredi ya 7 katika shule moja ya kibinafsi, na shule hiyo haipokei mtoto mpaka imtahini yenyewe. Hesabu na Kiingereza amepita. Kiswahili ameanguka. Sehemu ya msamiati ilikuwa na maswali 30, akapata 13. Wametukubalia arudie baada ya wiki saba.

Kinachoniuma ni kwamba alijitayarisha. Mwalimu wake wa tuisheni alimpa orodha ya maneno 600, upande mmoja neno, upande wa pili kisawe chake, yaani neno la maana ileile, naye akawa anakariri kila usiku baada ya Isha mpaka macho yanakuwa mekundu. Ukimsikiliza kwa kufuata orodha anajibu vizuri. Akikaa mbele ya karatasi, yote yanampotea. Sasa akiiona orodha yenyewe analia. Nyanyake naye hakomi kushangaa, anasema mtoto wa Mvita aanguke Kiswahili, kwani huko wanauliza Kiswahili cha wapi?

Walituruhusu kuitazama karatasi yake, nikanakili makosa matano:

Kisawe cha "ukwasi": alichagua "tajiri".
Kisawe cha "simanzi": alichagua "furaha".
Kinyume cha "anika": aliandika "lowesha".
Badilisha neno "ugonjwa" kwa kisawe chake katika "Ugonjwa wake umemzidi": aliandika "Maradhi wake umemzidi".
Tunga sentensi ukitumia neno "teka": aliandika "Mtoto anateka kwa furaha".

Je, nimtafutie orodha nyingine iliyo bora? Na wiki saba zatosha?

Mama Mariamu, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam Mama Mariamu,

Orodha usimtafutie nyingine, na hiyo aliyo nayo iondoe machoni pake leo hii. Wiki saba zatosha.

Makosa matano uliyonakili yanaeleza mengi kuliko hiyo alama 13. Hakuna hata moja linaloonyesha mtoto asiyejua kitu. Ukwasi amejua linahusu mali. Simanzi amejua ni neno la mambo ya moyoni. Maradhi amelitoa mwenyewe bila kupewa majibu ya kuchagua. Maneno anayo. Asichokijua ni vipi neno linakaa ndani ya sentensi, na orodha ya safu mbili haiwezi kumfunza hilo hata ingekuwa na maneno elfu. Kwa hivyo tutapunguza maneno na kuongeza sentensi.

Tuanze na ukwasi. Ukwasi ni hali, tajiri ni mtu. Mtungaji wa swali alijua mtoto aliyekariri atakumbuka "ukwasi, mambo ya pesa" na kuchukua neno la kwanza la pesa aliloliona. Dawa ni ndogo: aliweke kila jibu ndani ya sentensi moja alisikilize. "Ukwasi wake ulimpa kiburi." Sasa: "Tajiri wake ulimpa kiburi." Ulimi unakwama papo hapo. "Utajiri wake ulimpa kiburi." Inapita. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ana sikio la kulijua hilo bila kutaja kanuni yoyote, ila hakuna aliyemwambia alitumie sikio lake kwenye mtihani.

Kosa la maradhi ni ndugu ya hilo. Alibadilisha neno moja akaacha mengine yalivyokuwa, na kwa Kiswahili neno halihami peke yake, huhama na viambishi vyake. "Ugonjwa wake umemzidi" inakuwa "Maradhi yake yamemzidi." Mzoeze kwa jozi ambazo ngeli zake hazifanani, kwa maana hizo ndizo zinazoulizwa: tabia yake na mwenendo wake, huzuni yake imezidi na majonzi yake yamezidi, mapenzi yake yamezidi na huba yake imezidi. Akishabadilisha neno, aisome sentensi yote kwa sauti kabla ya kuweka kalamu chini. Kwenye chumba cha mtihani ataisoma kwa midomo tu.

"Anika" na "lowesha" ni kosa la kufikiria matokeo badala ya kitendo. Nguo ikianikwa inakauka, basi akaona kinyume ni kuilowesha. Lakini kinyume cha lowesha ni kausha. Kinyume cha kuanika ni kuanua, kuitoa nguo kambani. Vitenzi vya namna hii vina mkia unaojirudia: anika na anua, bandika na bandua, tega na tegua, kunja na kunjua, funika na funua, ezeka na ezua. Amalize hizo sita kwa siku mbili. Kisha mpe zisizofuata mkia huo sawasawa, asije akadhani ni kanuni ya kila mahali: vaa na vua, pakia na pakua, injika na ipua, inama na inuka.

Hapo hapo kwenye vinyume kuna kosa ambalo halikutokea kwenye karatasi yake lakini huwapata watoto wengi, nalo ni kukanusha. Ukiwauliza kinyume cha "Mtoto amelala" wanaandika "Mtoto hajalala." Huko ni kukanusha. Kinyume ni "Mtoto ameamka." Halafu atazame swali linataka nini: neno lililopigiwa mstari peke yake, au sentensi yote? "Mvulana maskini alianika nguo", kinyume chake kizima ni "Msichana tajiri alianua nguo." Anayegeuza neno moja kati ya matatu hajamaliza kazi.

Simanzi ni kosa la namna alivyofunzwa. Ukifungua hiyo orodha utakuta, ikiwa imepangwa kama nyingi zilivyopangwa, simanzi, jitimai, majonzi, bashasha, buraha na furaha ziko ukurasa mmoja. Aliyezipanga aliona ni vizuri kuweka maneno ya jamaa moja pamoja. Kwa kamusi ya visawe ni vizuri. Kwa mtoto anayeyakuta maneno hayo mara ya kwanza ni balaa, kwa sababu yanaingia kichwani siku moja, kwa mlango mmoja, na baada ya wiki anachokumbuka ni kwamba simanzi ni mojawapo ya yale maneno ya moyo. La huzuni au la furaha? Anabahatisha. Kwa hivyo shika hili: maneno mapya mawili ya jamaa moja yasifundishwe siku moja. Simanzi Jumatatu, bashasha wiki ijayo, simanzi likishakaa. Kuunganisha neno jipya na lile analolijua tangu utotoni, kama simanzi na huzuni, hakuna ubaya. Ubaya ni mageni mawili kuingia pamoja.

Sasa tuje kwa "Mtoto anateka kwa furaha." Nyanyake ana haki ya kushangaa. Kwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, sentensi hiyo haina ila hata kidogo: kuteka ni kucheka. Hiyo ndiyo lugha aliyotungia mashairi Muyaka bin Haji, na si Kiswahili kibovu. Ila mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa, Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sanifu ndiyo inayosahihishiwa mitihani. Katika sanifu, kuteka ni kuchota maji, au kumkamata mtu kwa nguvu. Msahihishaji amesoma kwamba mtoto anachota maji kwa furaha, akaona mbona hakuna maji.

Tafadhali msimkataze kusema Kimvita nyumbani. Chukueni karatasi moja mwandike safu mbili, Nyumbani na Karatasini. Mato kwa macho. Mtele kwa mchele. Mtanga kwa mchanga. Kuteza kwa kucheza. Ndia kwa njia, ndaa kwa njaa. Nyanyake aijaze, yeye ndiye mwenye hazina hiyo, na mtoto atafurahi kumwona ameingia kazini. Kisha wekeni alama ya nyota kwenye maneno ambayo yapo pande zote mbili lakini kwa maana tofauti, kama teka, na kama ndoo: nyumbani "ndoo hapa" ni kuitwa, karatasini ndoo ni ya maji. Hayo yenye nyota ndiyo ya hatari. "Mato" ataliona mwenyewe kuwa si la kitabuni. "Teka" halimshtui, kwa sababu kitabuni pia lipo. Wala asianze kugeuza kila "t" kuwa "ch", maana taa ni taa kote na tano ni tano kote. Ni maneno ya kujua moja moja, na karatasi yenu ikifika maneno 30 mtakuwa mmeshayapata karibu yote anayoyatumia.

Na akisema doo au chapaa akimaanisha pesa, huo ni upande wa tatu, wa mtaani. Karatasini ni pesa, fedha, hela, fulusi, darahima.

Haya, sasa kazi yenyewe. Utahitaji karatasi saba za manila na bahasha tatu za kaki. Kila manila ikunje katikati mara tano, kisha ukate kwenye mikunjo, upate vipande 32. Saba zitakupa vipande 224. Maneno yatakuwa 200: manane kwa siku, siku tano za wiki, kwa wiki tano. Vipande vinavyobaki ni vya kuharibu, na vitaharibika. Wiki ya sita na ya saba hakuna neno jipya hata moja.

Vipande aandike mwenyewe kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe umemnyima nusu ya faida. Mbele ya kipande kusiwe na neno tupu, kuwe na sentensi ambayo neno limepigiwa mstari. Nyuma kuwe na kisawe, kinyume kama kipo, ngeli, na sentensi ileile imeandikwa upya kwa kisawe. Kipande cha simanzi kitakuwa hivi. Mbele: "Simanzi ilimjaa alipoagana na nduguye." Nyuma: "huzuni, majonzi, kinyume furaha, I-ZI, Huzuni ilimjaa alipoagana na nduguye, Majonzi yalimjaa alipoagana na nduguye." Unaona "yalimjaa" hapo mwisho? Kwa kuandika kipande kimoja amefanya mazoezi ya yale makosa yake manne ya kwanza kwa pamoja.

Asubuhi, dakika 10 baada ya sala, aandike manane mapya. Jioni akitoka chuoni, yaani madrasa, na kula, dakika 15 za bahasha. Baada ya Isha alale. Hayo macho mekundu hayakumletea alama.

Bahasha zinafanya kazi hivi. Kipande kipya kinaingia bahasha ya kwanza, inayofunguliwa kila siku. Anasoma sentensi ya mbele, anasema kisawe na sentensi mpya kwa sauti, ndipo anageuza. Akipata bila kusitasita, tuseme hujafika kuhesabu tano, kipande kinahamia bahasha ya pili, inayofunguliwa kila baada ya siku tatu. Akikipata tena huko, kinahamia ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Akikosa popote pale, kinarudi ya kwanza, bila kelele wala kumsuta. Kusitasita ni kukosa. Kusema "nilikuwa nalo kwenye ulimi" ni kukosa. Kugeuza kwanza kisha kusema "hata nilijua" ni kukosa zaidi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapolegea.

Kwa nini taabu yote hii, asisome tu mara nyingi? Kwa sababu kusoma orodha kunampa mtu hisia ya kujua. Neno analiona, jibu liko pembeni, kichwa kinatikisika. Kulivuta jibu kutoka kichwani bila kuliona ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo kazi ya mtihani. Tena anaposoma orodha kwa mfuatano uleule kila usiku, neno la juu linamkumbusha la chini yake. Ndiyo maana ukimsikiliza kwa orodha anajibu. Mtihani umemvunjia mfuatano, naye akapotea. Basi vipande vichanganywe kama karata kila jioni. Na siku zinazoachwa katikati zina sababu pia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: mengi ya anayoyakariri mtu humtoka upesi, siku za mwanzo mwanzo, na marudio yaliyoachanishwa hushikilia kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Angalia unene wa bahasha ya kwanza. Ikipita vipande 25, simamisha maneno mapya kwa siku mbili mpaka ipungue. Usione umechelewa. Maneno 150 yaliyokaa yanazidi 200 yanayoelea.

Jumamosi mpe maswali 20, kumi na mawili ya wiki hiyo na manane ya wiki zilizopita. Akipata chini ya 15, wiki inayofuata yawe matano kwa siku badala ya manane. Jumapili apumzike, asiguse kitu.

Kutunga maswali ya kuchagua si kazi ngumu ukijua mitego inavyotengenezwa. Kila swali liwe na majibu manne: la kweli, kinyume chake, neno la maana hiyohiyo lakini la aina nyingine, na neno linalofanana kwa sauti. Kwa simanzi unaweka furaha, huzuni, huzunisha, samani. Kwa ukwasi unaweka ufukara, mkwasi, utajiri, ukosi. Ukishamtungia wiki mbili, wiki ya tatu mgeuzie: atunge yeye, ujibu wewe, naye asahihishe. Akilazimika kutafuta mtego wa kukunasa, ataanza kuiona mitego anayotegewa. Hili likibanwa na wakati, bora upunguze bahasha kwa siku moja kuliko kuliacha.

Kuna mtego wa nne, unaohitaji kamusi: neno lililo finyu kuliko lenzake. Barobaro ni kijana, lakini wa kiume tu. Ajuza ni mzee, lakini wa kike, na shaibu ni wa kiume. Ngeu ni damu, lakini ya jeraha la kichwani. Mahututi si kila mgonjwa, ni aliyezidiwa. Na kufariki ni kwa binadamu. Mbuzi hafariki, mbuzi hufa. Maneno haya aandike nyuma ya kipande "wa kiume tu", "ya kichwani tu", kwa wino mwekundu. Anapotafuta kitenzi kwenye kamusi aondoe "ku" ya mwanzo: kuanua liko kwenye A. Watoto hulitafuta kwenye K, wakakosa, wakasema kamusi haina.

Maneno atayatoa wapi? Yale 600 yana kazi hapa: chagueni humo 120, yale anayosita nayo, na si yale anayoyajua tangu Gredi ya 3. Mengine 40 yatoke vitabu vyake vya Gredi ya 5 na ya 6, sehemu za ufahamu. Yaliyobaki 40 yatoke nyumbani kwako na baharini, na hapa binti yako ana mtaji ambao mtoto wa bara lazima aununue kwa kukariri.

Jikoni kwako kuna mbuzi ya kukunia nazi. Neno mbuzi ni kitawe, lina maana mbili, na ngeli inabadilika nayo: mbuzi wangu amekufa ni mnyama, mbuzi yangu imevunjika ni ya nazi. Sentensi mbili hizo zikae kwenye kipande kimoja. Kuna kifumbu cha kuchujia tui, kuna kawa la kufunikia chakula, kuna mwiko, upawa, kinu na mchi, ungo na uteo. Chungu ukikiweka mekoni umekiinjika, au umekiteleka, na hivyo ni visawe. Ukikitoa umekiipua. Mwite mtoto jikoni umwambie "ipua chungu" badala ya "toa hiyo", basi, somo limekwisha. Paa nalo ni la nyumba, na paa ni mnyama, na kupaa ni kwenda juu, na kupaa samaki ni kumtoa magamba. Akikusaidia samaki Jumapili atakuwa na maana ya nne ambayo wengi hawaijui.

Mkivuka feri Likoni mwonyeshe maji. Yakija ni kujaa, yakitoka ni kupwa, na hivyo ni vinyume. Maji ya bamvua na maji mafu ni vinyume vilevile. Nahodha, baharia, nanga, tanga, dau, ngalawa: haya si maneno ya kukariri kwa mtu anayeyaona kwa macho.

Mtaji wa pili ni chuoni anakokwenda kila jioni. Maneno mengi magumu ya Kiswahili yametoka Kiarabu, na yanakwenda kwa koo. Darasa, madrasa na mudarisi ni ukoo mmoja, kwa hivyo akiulizwa kisawe cha mudarisi asihangaike, ni mwalimu. Hukumu, hakimu na mahakama. Tiba, matibabu na tabibu. Elimu, mwalimu na taaluma. Akikutana na neno geni, atafute konsonanti zake tatu aulize amezisikia wapi. Ila asiamini moja kwa moja, maana mengine yamehama njiani: karamu kwetu ni sherehe ya kula, na Kiarabu chake ni ukarimu. Ukoo unampa dokezo, sentensi ndiyo inayothibitisha.

Vitate, yaani maneno yanayokaribiana kwa sauti, vipe siku moja tu kwa wiki, visikule muda: thamini na dhamini, dhana na zana, zuru na dhuru, fua na vua, goma na koma, mahali na mahari. Hapa mtoto wa Pwani husikia tofauti ya "th", "dh" na "z" bila shida. Kazi ni kuandika tu. Msomee kwa sauti, aandike.

Wiki ya sita na ya saba ni za karatasi. Tafuta karatasi za zamani za KCPE, ule mtihani ulioanza 1985 na kumalizika 2023. Karatasi ya Kiswahili Lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua: 15 ya mwanzo ni ya kujaza mapengo kwenye kifungu, na 16 hadi 30 ni sarufi na msamiati. Hayo 30 ndiyo unayoyataka, ufahamu uache. Ulikuwa mtihani wa darasa la nane, kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 6 akipata 18 au 20 usimwonyeshe uso wa kukasirika. Karatasi moja kila baada ya siku mbili, dakika moja kwa swali. Siku ya katikati ni ya kuchambua makosa: kila kosa linaandikiwa kipande, linaingia bahasha ya kwanza.

Kwenye maswali ya kuchagua afunike majibu kwa kiganja, asome swali, aseme jibu lake, ndipo afunue. Akiona jibu lake lipo, alichukue. Halipo, ayapitishe yote manne kwenye sentensi kwa sikio. Pia apige mduara neno "kisawe" au "kinyume" kwenye swali lenyewe kabla ya lolote, kwa sababu kinyume huwepo karibu kila mara kati ya majibu, nacho kina mvuto. Kwenye mapengo asome kifungu chote mara moja bila kujaza, halafu arudi. Pengo la tatu mara nyingi hujibiwa na sentensi ya sita.

Siku mbili za mwisho, bahasha ya kwanza peke yake. Usiku wa mwisho hakuna kitu.

Nimekuwekea manane ya kesho asubuhi, kila moja la jamaa yake, ili msianze kwa kutafuta. Ukwasi: "Ukwasi wa mwenye majahazi yale haukumpa kiburi." Simanzi unayo juu. Hima: "Njoo hima, feri inaondoka." Hulka: "Hulka yake ya kusaidia wazee imempa sifa mtaani." Tabibu: "Tabibu alimpima nyanya akamwandikia dawa." Hasimu: "Timu hizi mbili ni mahasimu wa tangu zamani." Anua: "Anua nguo, mvua inakuja." Kifumbu: "Chuja tui kwa kifumbu, machicha yasiingie mchuzini." Hili la mwisho halina kisawe, kwa hivyo nyuma ya kipande achore kifumbu chenyewe.